Bahari Inayokula Waya Ndiyo Inayobeba Sauti

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota ghafla karibu Tanzania nzima. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kusini. Siku nane kabla ya hapo kimbunga Hidaya kilikuwa kimetua Mafia. Katika majuma kama hayo ndipo wengi hukumbuka kwamba ipo njia ya kuwasiliana isiyongoja mnara wala kebo ya mtu: redio ya masafa mafupi, ambayo wazee wetu waliijua kama simu ya upepo. Raia wanaoitumia kwa kujifunza na kwa huduma, bila biashara, huitwa waendeshaji wa redio za ridhaa. Nchini kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na majina ya vituo vyao hewani huanza na 5H.

Watu wakiniuliza juu ya kazi hii, huuliza bei ya redio. Swali lenye faida zaidi ni la waya. Redio ya wati 100 iliyofungwa kwenye waya mbovu hushindwa na redio ya wati 10 iliyofungwa kwenye waya mzuri. Na kwetu sisi wa pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, waya hauna adui mkubwa kama chumvi.

Urefu wa waya

Waliokuwa wakisikiliza idhaa za Kiswahili za ng'ambo wanakumbuka watangazaji wakitaja "mita 49" au "mita 25". Hizo mita ni urefu wa wimbi. Bendi za chini za redio ya ridhaa ni mita 160, mita 80 na mita 40. Mchana, tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme huyanyonya sana mawimbi haya. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, nayo mawimbi hupanda hadi tabaka la juu na kurudishwa ardhini.

Antena nyepesi kuliko zote ni dipoli: waya wenye mikono miwili iliyo sawa, unaolishwa umeme wa redio katikati. Kupata urefu wake kwa mita, gawanya 143 kwa masafa ya MHz. Kwa MHz 3.65, katikati ya bendi ya mita 80, jibu ni mita 39, yaani mita 19.5 kila mkono. Ukiitundika kwenye minazi kwa kimo cha mita 10, nguvu yake nyingi itakwenda juu kisha itarudi chini kama manyunyu, ikilowanisha eneo lote la mamia ya kilomita. Ndiyo maana dipoli ya chini hufika Pemba, na hufika pia Lushoto nyuma ya milima ya Usambara, ambako mawimbi ya redio ndogo za mkononi hugonga mlima na kuishia hapo.

Kata waya ukiwa mrefu kuliko hesabu, kisha upunguze. Kwa dipoli hii, kupunguza sentimita 10 kila upande hupandisha masafa kwa takribani kHz 19. Usikimbilie koleo: kunja ncha na kuizungusha juu ya waya wenyewe, upime, na ukate tu ukisharidhika. Waya wenye ganda la plastiki, kama ule wa kuunganishia umeme wa nyumbani, huhitaji kuwa mfupi kwa asilimia chache kuliko ulio wazi.

Maana ya kulinganisha

Funga mshipi mwembamba kwenye kamba nene ya nanga, kisha uutikise. Mtikiso ukifika kwenye fundo, sehemu yake hupita na sehemu hukurudia mkononi. Umeme wa redio hufanya vivyo hivyo kila unapotoka kwenye kebo na kukutana na antena yenye ukinzani tofauti. Redio nyingi na kebo zake hutengenezwa kwa omu 50. Dipoli iliyo juu sana, mbali na ardhi, ina omu 73 hivi. Ukiishusha mikono yake pande zote mbili kama paa la nyumba, hukaribia 50.

Kiasi kinachorudi hupimwa kwa uwiano unaojulikana kwa herufi SWR. SWR ya 1 ni ulinganifu kamili. Ya 1.5 hurudisha asilimia 4 tu ya nguvu, ya 2 hurudisha asilimia 11, na ya 3 asilimia 25. Kwa bendi za chini, ambako kebo hupoteza kidogo, mtu asikose usingizi kwa SWR ya 1.7.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. SWR hueleza ni nguvu kiasi gani imekataliwa na antena. Haielezi iliyokubaliwa imekwenda wapi. Inaweza kuwa imeruka hewani, au imegeuka joto ndani ya ardhi na ndani ya viungo vilivyooza. Kipimo hakitofautishi.

Chukua mfano wa antena ya wima ya robo ya wimbi. Juu ya ardhi inayopitisha umeme barabara, ukinzani wake ni omu 36, na SWR yake ni 1.4. Mtu anaisimamisha juu ya mchanga mkavu, anatandaza nyaya nne chini yake, anapima, anapata omu 50 kamili. Anashangilia SWR ya 1. Kumbe zile omu 14 za ziada ni za mchanga, na zaidi ya robo ya nguvu yake inapasha moto ardhi. Akiongeza nyaya za chini hadi 16 au 32, SWR itapanda kuelekea 1.4, na sauti yake itasikika vizuri zaidi. Antena ikiwa fupi, hasara hukua. Nguzo ya mita 8 kwa bendi ya mita 80 ina ukinzani wa kurusha wa omu 4 tu. Ardhi ikiwa na omu 20, sehemu moja kati ya sita ndiyo inayotoka, hata kama kilinganishi, kifaa cha kusawazisha ukinzani wa antena na wa redio, kinaonyesha SWR ya 1. Jambo hili lilipimwa kwa makini tangu 1937 na wahandisi watatu wa Marekani, Brown, Lewis na Epstein, na kutokana na kazi yao stesheni za utangazaji zikazoea kutandaza nyaya 120 chini ya kila mnara.

Zawadi ya maji ya chumvi

Mkulima wa bara hutafuta nyaya 120. Mtu wa Tongoni au Kigombe ana bahari. Maji ya bahari hupitisha umeme mara elfu kadhaa zaidi ya mchanga mkavu. Antena ya wima iliyosimamishwa hatua chache kutoka majini huona mbele yake kioo kinachorudisha mawimbi karibu bila hasara, na kuyaelekeza chini, sambamba na upeo wa macho. Hiyo ndiyo njia ya kufika mbali: Uarabuni, India, Ulaya. Hata maji yakipwa, tope lililolowa chumvi huendelea kusaidia. Ila pima mara mbili, wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, maana masafa ya antena yanaweza kusogea maji yanapokaribia nyaya zake.

Bahari hiyo hiyo inadai malipo. Upepo wa kusi hurusha unyunyu wa chumvi hadi mbali na ufuo, na unyunyu huo hutua juu ya kila kiungo.

Kujenga kwa kudumu

Waya wangu wa kwanza wa mita 80 nilioutundika mwenyewe karibu na bahari ulidumu msimu mmoja. Niliuvuta kwa kamba ya mkonge, kwa fahari ya mtu wa Tanga, mkoa uliolishwa na mkonge tangu Richard Hindorf alipouleta nchini 1893. Niliukaza wakati wa kiangazi. Masika yalipoingia, kamba ikanywa maji, ikavimba, ikafupika, ikaukata waya katikati ya usiku. Mkonge una kazi zake nyingi, lakini hii haimo. Kamba za manila za plastiki nazo huliwa na jua, na huanza kumwaga unga mkononi. Kamba ya poliesta nyeusi ndiyo ya kutafuta.

Mengine tujifunze kwa mabaharia wetu. Nahodha wa jahazi haifungi foromali juu ya mlingoti moja kwa moja. Huipandisha kwa henza inayopita kwenye kapi, ili aishushe upepo ukigeuka. Antena ipandishwe hivyo hivyo. Mwisho mmoja wa kamba upite kwenye kapi, kisha uning'inize ndoo ya mawe. Mnazi ukiyumba, ndoo itapanda na kushuka, na waya hautakatika. Toboa ndoo chini, isije ikajaa maji ya mvua na kuongeza uzito.

Waya laini wa shaba wa nyumbani hurefuka ukivutwa, na waya ukirefuka masafa hushuka. Ufunge kwenye mti, uuvute kwa nguvu kwanza, ndipo upime na kukata. Vihami vya ncha vinaweza kukatwa kwenye bomba jeusi la maji. Ule weusi huikinga plastiki na jua.

Katikati, pale kebo inapokutana na mikono miwili, ndipo antena nyingi za pwani zinapofia. Lehemu kila kiungo. Kusokota peke yake hakutoshi. Usiunganishe shaba na alumini uso kwa uso, kwani kwenye chumvi zitalana. Waya wa dishi unaouzwa kila mtaa una omu 75, unaolingana vizuri na dipoli, lakini msuko wake wa nje mara nyingi ni wa alumini, haushiki risasi, na unyevu huumaliza upesi. Ukiutumia, ufunge kwa konekta na uukague mara kwa mara. Kebo iliyoachwa wazi hupandisha maji ndani yake kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Zungushia kiungo utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe wa umeme juu yake, na uache kebo ipinde kitanzi ili matone yadondoke kabla ya kufika nyumbani. Silikoni inayonuka siki usiitumie kamwe: ile siki huila shaba. Nunua isiyo na harufu hiyo.

Jihadhari na nyaya za umeme. Antena isipite juu wala chini yake. Radi zikianza kunguruma, chomoa kebo na uiweke mbali na redio.

Daftari

Siku antena inapokamilika, andika kwenye daftari tarehe, SWR kwenye masafa matano, na hali ya maji. Rudia kila mwisho wa kaskazi, kabla ya masika. SWR ikipanda, utatafuta kasoro na utaiona. Ikishuka yenyewe bila wewe kugusa kitu, na bendi unayoweza kutumia ikapanuka, wengi hufurahi. Wewe shusha waya siku hiyo hiyo, fungua kiungo cha katikati, na utazame shaba. Ukiikuta kijani, chumvi imeshaanza kula nguvu ambayo kipimo kiliiita ulinganifu.