Santuri ikitoa sauti iliyobanana, anzia kwenye sindano

Mwalimu mstaafu mmoja wa upande wa Ipinda, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alitupigia simu akitaka ushauri wa kununua amplifaya. Mwanawe aliye Dar es Salaam alikuwa amemletea mashine ya santuri ya bei kubwa, pamoja na amplifaya na spika mbili ndefu. Mzee akatoa kabatini santuri zake za Morogoro Jazz na Super Volcano, alizozitunza tangu miaka ya 70, akapiga ya kwanza. Sauti ikatoka imebanana.

"Kiredio changu cha betri kinaimba vizuri kuliko hii," alituambia. Fundi alikuwa amemshauri kwamba amplifaya ni dhaifu, atafute kubwa zaidi. Mzee alikuwa anasubiri pesa ya kakao.

Tulimwomba asinunue kitu kwanza, na Jumamosi tukaenda kwake.

Tuelewane kwanza tunaposema sauti imebanana. Muziki wa dansi wa enzi ile una gitaa la solo, la ridhimu na la besi, kila moja na njia yake, kisha saksafoni na waimbaji. Mashine ikiwa sawa, unaweza kulifuata gitaa la ridhimu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Sauti ikibanana, magitaa yote yanakuwa kitu kimoja, na ukiongeza sauti unaongeza makelele tu. Watu wa Kyela hatuhitaji kuelezwa tofauti ya wali unaochambuka na bokoboko. Mchele ni uleule, kilichoharibika ni upishi.

Kwenye santuri, upishi unaanzia kwenye sindano. Ncha yake, mara nyingi ya almasi, hupita ndani ya mfereji mwembamba kama unywele na kutikiswa na kuta zake. Mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme mdogo sana, ndipo amplifaya inaukuza. Kwa hiyo kilichoharibika kwenye sindano kitakuzwa kikiwa kimeharibika vilevile, hata ukinunua amplifaya ya ukumbi wa harusi.

Tulipofika tulikuta sarafu ya shilingi 200 imebandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya kichwa cha sindano. Mzee alieleza kwamba ndivyo walivyofanya zamani sindano ikiruka. Ni kweli, wengi wetu tumewaona babu zetu wakifanya hivyo. Lakini sindano nyingi za kisasa zinataka uzito wa karibu gramu 2 tu, na kijitabu cha mashine hutaja kiasi kamili. Ukizidisha, sindano inazama, haiwezi kutikisika kwa uhuru, na sauti inabanwa. Kibaya zaidi, inakwangua mfereji. Usidhani basi kwamba nyepesi sana ndiyo salama: ikikosa uzito inarukaruka ndani ya mfereji na kuugonga. Nyuma ya mkono wa mashine kuna kizani cha kuzungushwa, nacho ndicho cha kurekebishia. Sarafu irudi mfukoni.

Tukatoa sarafu, tukarekebisha kizani. Kisha tukamulika sindano kwa tochi ya simu. Ilikuwa imevaa kofia ya vumbi na nyuzi. Vumbi hilo hutolewa kwa brashi ndogo laini, ukipitisha kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kutoka ubavuni, na usitumie kidole.

Santuri zenyewe zilikuwa na ukungu. Wilaya yetu hupata mvua nyingi na ziwa liko jirani, hivyo kabati lisilopitisha hewa hugeuka shamba la ukungu. Osha kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale safi yasiyo na chumvi, ukitia tone moja la sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, usilowanishe karatasi ya katikati, suuza, kausha kivulini. Angalizo kwa wenye santuri nzito za zamani zaidi, zile zinazozunguka mara 78 kwa dakika: nyingi zimetengenezwa kwa lakri, na spiriti huiyeyusha. Usizipake spiriti.

Baada ya hapo gitaa la solo lilianza kujitenga. Bado besi ilikuwa imevimba.

Nyuma ya amplifaya tukaona waya umechomekwa kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Santuri zinapotengenezwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mfereji usitanuke kupita kiasi. Wakati wa kupiga, sakiti maalumu inarudisha vyote mahali pake. Tundu la PHONO lina sakiti hiyo, lakini mashine ya mzee ilikuwa nayo pia ndani yake. Kazi ya mara moja ilikuwa inafanywa mara mbili, kama chumvi iliyotiwa na watu wawili. Tulihamishia waya kwenye AUX, basi. Wenye sabufa mnakutana na kinyume chake: mashine isiyo na sakiti hiyo ikichomekwa moja kwa moja, sauti hutoka ndogo, kavu, haina besi.

Spika zilikuwa zimesukumwa kwenye pembe mbili za sebule. Pembe huongeza besi. Tulizivuta mbele kiasi cha hatua moja. Nyumba ni ya bati, haina dari, sakafu ni saruji tupu, kwa hiyo sauti inagonga na kurudi. Mkeka sakafuni na pazia zito ukutani vilisaidia kuliko tulivyotarajia. Mashine ya santuri nayo tuliiondoa juu ya spika, maana sindano haiwezi kutofautisha mtikisiko wa mfereji na mtikisiko wa kabati.

Jambo moja halina dawa kamili. Karibu na katikati ya santuri mzunguko ni mfupi, hivyo mfereji hupita chini ya sindano polepole kuliko pembeni, na muziki unalazimika kujibana. Wimbo wa mwisho ukisikika mchafu kidogo kuliko wa kwanza, usianze kufungua mashine.

Mzee alirudia santuri ileile ya kwanza. Gitaa la ridhimu lilisikika, akalifuatisha kwa vidole kwenye mkono wa kiti. "Ndaga, wanangu," akasema, kisha akatuomba tupige nyingine aliyoipenda zaidi, ambayo kwa wiki tatu alikuwa ameirudia kila jioni akiwa na ile sarafu. Sauti ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, ilitoka na mkwaruzo. Tuliiosha mara mbili. Mkwaruzo ulibaki palepale. Mzee aliirudisha ndani ya karatasi yake, akaiweka nyuma ya zote, na ile shilingi 200 akampa mjukuu akanunue andazi.