Ukaguzi wa Nyama Huanzia Chooni

Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe. Katika nyanda hizi nguruwe ni akiba ya jamaa nyingi: huuzwa karo inapodaiwa au mgonjwa anapohitaji dawa. Afya ya mnyama huyu ni jambo la sheria pia. Mkaguzi wa nyama hupasua misuli ya mnyama aliyechinjwa; bwana afya hukagua vyoo. Kazi hizi mbili huonekana mbali mbali, lakini adui wao ni mmoja, naye ni tegu wa nguruwe.

Safari ya tegu

Tegu aliyekomaa huishi katika utumbo wa binadamu peke yake, na huweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho. Mayai huanguliwa tumboni, na lava hupenya utumbo na kuchukuliwa na damu hadi kwenye misuli. Huko huwa vifuko vyeupe vyenye maji. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, hupata tegu.

Hatari kubwa zaidi ni pale mtu anapomeza mayai yenyewe, kwa maji machafu au mikono isiyonawiwa. Vifuko huweza kujengeka katika ubongo na kuleta kifafa. Hivyo hata asiyekula nguruwe hana kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima watu katika vijiji 13 vya Mbozi, wilaya jirani; damu ya watu wapatao 17 kati ya kila 100 ilionyesha dalili za vifuko hivyo.

Sheria na mfuko wa mfugaji

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inadai choo katika makazi na kuwapa maafisa uwezo wa kukagua. Nyama yenye vifuko vingi hukataliwa. Lakini mfugaji anayejua kwamba atapoteza akiba yake yote hushawishika kuchinja usiku nyuma ya nyumba, na nyama hiyo haipiti mbele ya mkaguzi. Adhabu peke yake huweza kuificha hatari badala ya kuiondoa.

Kwa hiyo mnyororo hauna budi kukatwa mapema zaidi. Choo kinachotumiwa na kila mtu humnyima nguruwe mayai. Banda humzuia kuzurura. Dozi moja ya oksifendazoli huua vifuko vilivyomo misulini, ingawa mnyama hachinjwi kabla ya muda uliowekwa na daktari wa mifugo kupita. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vikundi vya kusoma, na vyoo vingi vilichimbwa kwa sababu wananchi walielewa shabaha yake. Mfugaji anayeielewa safari ya tegu hukata mnyororo huo kabla kisu cha mkaguzi hakijahitajika.