Pangaboi za Ukanda wa Dhahabu

Shinyanga ina almasi, ina dhahabu, na ina kiwanja cha ndege pale Ibadakuli. Ambacho haijawahi kukaa nacho muda mrefu ni ndege ya abiria. Precision Air walikuwa wakitua, kisha wakaacha, na kiwanja kikarudi kwa ndege za kukodi na wageni wa serikali. Ukiuliza sababu utaambiwa watu wa huku hawana hela ya nauli. Mimi sikubaliani. Anayeona Kahama inavyofanya biashara usiku na mchana hawezi kusema hivyo bila kucheka. Sababu iko kwenye idadi ya viti, na kwenye jirani mmoja anayeitwa Mwanza.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Wasukuma ikapata behewa la kuipeleka pwani. Lakini mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipogundua almasi Mwadui, mambo yalikuwa mengine. Mzigo wa utajiri mkubwa unaweza kuenea kwenye begi, na begi halihitaji behewa. Mwadui ikawa na kiwanja chake cha ndege ndani ya eneo la mgodi. Migodi mikubwa ya dhahabu ilipokuja, Geita ikianza kuzalisha mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, ilifuata utaratibu uleule: uzio, mtambo, na kiwanja cha ndege. Mkazi wa kijiji jirani aliziona ndege zikipita juu ya bati lake kila wiki, ila tiketi za ndege hizo hazikuuzwa popote alipoweza kufika.

Precision nayo haikuanza kwa ajili ya mkazi huyo. Marehemu Michael Shirima, aliyefariki mwaka 2023, aliianzishia Arusha, na safari zilipoanza mwaka 1993 ilikuwa na Piper Aztec ya abiria watano, ikipeleka watalii Serengeti na mbuga nyingine. Shirika la Ndege la Tanzania, lililozaliwa mwaka 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, lilikuwa linachechemea, na miji ya mikoani ikabaki bila ndege za uhakika. Precision ikaingia humo. Mwaka 2003 Kenya Airways ikanunua asilimia 49 ya hisa, zikaja ndege za ATR, na ramani ikatanuka hadi Kanda ya Ziwa. Mwaka 2011 ikauza hisa kwa umma kwa shilingi 475 kila moja na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Sasa tupige hesabu. ATR 42 ina viti karibu hamsini, na ATR 72 ina takriban sabini. Rubani, mafuta, ada za kutua, vyote vinalipwa hata kama nusu ya viti viko wazi. Ili ndege hiyo itue Ibadakuli mara kadhaa kwa wiki na ipate faida, lazima wapatikane makumi ya watu kila safari. Wapo, lakini Mwanza iko kama kilomita 160 tu kwa barabara ya lami. Mwaka 2012 fastjet walianza kuruka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa nauli iliyowashtua hata wenye mabasi, na mfanyabiashara wa Shinyanga akafanya uamuzi wa busara: akapanda basi asubuhi hadi Mwanza, akapanda ndege huko. Kila aliyefanya hivyo alikiondolea kiwanja cha nyumbani abiria mmoja. Fastjet nayo ilisimamisha safari zake nchini baadaye, lakini mazoea yalishajengeka.

Mwaka 2016 serikali ilipoleta Bombardier Q400 kulifufua shirika lake, Air Tanzania, vijiweni zikaitwa "pangaboi", kwa dharau, kana kwamba ndege isiyo ya jeti si ndege. Utani huo haukuwa na haki. Nchi yenye viwanja vifupi na vya changarawe huishi kwa pangaboi.

Na kwa ukanda huu, ndogo kuliko zote ndiyo iliyofaa zaidi. Auric Air ya Mwanza inatumia Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria wasiofika kumi na tano. Safari ya Caravan ni ya kifamilia. Unapimwa mizani wewe mwenyewe pamoja na begi lako, na mtu mnene huangalia pembeni namba ikisomwa. Kisha mnatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi, rubani anageuka kwenye kiti chake na kuwaeleza hali ya hewa kwa mdomo. Aliyebahatika hukaa kiti cha mbele, pembeni yake. Ndege ya namna hiyo haidai abiria hamsini. Kumi wanatosha, na kama mgodi umenunua viti kadhaa mapema, safari imeshalipika.

Hapo ndipo udhaifu wake pia ulipo. Kahama iliwahi kupata safari za Precision kupitia kiwanja cha mgodi wa Buzwagi. Mgodi huo ulianza kuzalisha mwaka 2009. Machi 2017 serikali ikazuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje, na mwaka 2021 uzalishaji ukafika mwisho. Kiwanja kinachotegemea mwamba kina umri wa mwamba.

Kwa abiria wa Kanda ya Ziwa, ajali nayo iliacha kovu. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, wakafa 19. Wavuvi ndio waliofika kwanza.

Mkoa wa Geita sasa una kiwanja kikubwa Chato, chenye njia ya kurukia ya kilomita tatu, ambako Air Tanzania ilianza safari Januari 2021. Kiko mbali na mgodi na mbali na mji wa Geita wenyewe. Wakati huohuo, tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko kati ya Geita na Mwanza. Serikali iliamua Ibadakuli nayo ipate lami kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Ni uamuzi mzuri, ila lami haiongezi abiria. Wakiuza tena tiketi za Shinyanga, ningewashauri waanze na Caravan, siku tatu kwa wiki, na ratiba isiyobadilika.