Kabla ya Kupanga Mwaka Mpya, Tuuangalie Kwanza Ulioisha



Mwaka unapokaribia kwisha huku Mogitu, chini ya Mlima Hanang, watu wana shughuli nyingi. Mvua zimeanza, jembe liko shambani, ghala limepungua, na Januari inakuja na mahitaji ya shule. Ndiyo maana tathmini ya mwaka mara nyingi hufanywa haraka haraka. Katibu anasoma taarifa, mwenyekiti anauliza kama kuna swali, watu wanapiga makofi, chai inaletwa. Kisha orodha ya mwaka jana inanakiliwa, inabadilishwa tarehe, na kuitwa mpango wa mwaka mpya.

Sisi nasi tumewahi kufanya hivyo. Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini tumeamua kuacha, namna kamati inavyoweza kuutathmini mwaka wake, na mambo tuliyoyapa kipaumbele kwa mwaka ujao.

Kazi iliyofanyika na mabadiliko yaliyopatikana

Kosa la kwanza katika taarifa nyingi ni kuchanganya mambo haya mawili. Kuchimba kisima ni kazi iliyofanyika. Mama kutumia muda mfupi zaidi kuchota maji, na mtoto kuacha kuharisha, ndiyo mabadiliko. Semina ya wakulima ni kazi iliyofanyika. Mkulima kubadili namna anavyohifadhi mahindi yake ndiyo mabadiliko. Mhisani anapenda kujua yote mawili, lakini mwanakijiji anaishi na hilo la pili tu.

Tutoe mfano wetu wenyewe. Tulipokea miche ya miti, tukaipanda pamoja na wananchi, tukapiga picha. Taarifa yetu ikasema kazi imekamilika, na ilikuwa kweli. Kiangazi kilipofika, mbuzi na ng'ombe wakaila mingi, na mingine ikakauka. Tulihesabu miche iliyopandwa, hatukuhesabu iliyopona. Wala hatukuwa tumeuliza mapema ni nani ataizungushia miiba na ni nani atabeba maji. Hatukumdanganya mtu yeyote, ila taarifa yetu haikutusaidia kujua la kufanya mwaka uliofuata.

Fundisho la Basotu

Wilaya yetu ya Hanang ina mfano mkubwa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali ikisaidiwa na Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, chini ya shirika la NAFCO. Mashamba yalifikia saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Ngano ilipatikana kweli. Anayesoma taarifa za uzalishaji peke yake angesema mradi umefaulu.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ndugu zetu Wabarabaig walikuwa wakiitumia kwa zamu: msimu huu wanachunga huku, msimu ule wanahamia kule, ili majani yapate kuota tena. Mtu aliyepita katika msimu ambao mifugo iko kwingine aliona pori lisilo na mwenyewe. Malisho mazuri yakachukuliwa, njia za kwenda majini zikafungwa, na wananchi walilalamika kuwa hata makaburi ya wazee wao yalilimwa. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi mwaka 1981. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyowapa wananchi ushindi, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Nchi ilihitaji chakula, na waliopanga walikuwa na nia njema. Tunayaandika kwa sababu kila kamati, hata yenye mfuko mdogo, inaweza kuanguka hapo hapo: kuchagua la kwanza bila kuwauliza wale watakaolipa gharama yake.

Mlima ulipotukumbusha

Tarehe 3 Desemba 2023 ni siku ambayo hakuna mtu wa Hanang atakayeisahau. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba laini iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata mikondo ya mito hadi Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo mengine. Watu 89 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kuwa halikuwa tukio la volkano. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, familia zilizopoteza makazi zilikabidhiwa nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret.

Mwaka ule hapakuwa na kamati iliyokuwa imeandika neno maporomoko katika mpango wake. Hatusemi kwamba miti peke yake ingeuzuia mlima kumeguka. Tunasema kwamba ni vyema kujua nani anaishi karibu na mkondo wa maji, nani ni mzee asiyeweza kukimbia, na kengele ya kanisa italia vipi usiku ikitokea hatari. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kikao kimoja na watu wanaojuana.

Namna ya kufanya tathmini

Tunapendekeza maswali manne, yajibiwe katika kila kigango kabla ya kikao cha parokia:

1. Tulisema tutafanya nini, na tulifanya nini? Mpango wa mwaka ulioisha uwekwe mezani na kusomwa.

2. Nini kimebadilika katika nyumba za watu? Hapa twende tukaone kwa macho, tusiishie kwenye karatasi.

3. Nini kilishindikana, na kwa nini? Kosa likisemwa mapema hurekebishwa kwa gharama ndogo.

4. Nani hakusikika? Wajane, vijana wasio na shamba, wafugaji walio mbali na barabara, watu wenye ulemavu, na jirani zetu wasio wa kanisa letu.

Wanawake na wanaume wakae kwanza makundi mbalimbali, ndipo wakutane. Jambo hili si geni kwetu. Wabarabaig wana baraza la wanawake tangu zamani, ambalo hukaa peke yake na kutoa uamuzi hata dhidi ya mwanaume aliyekosa. Kwa kawaida wanaume wakianza kusema, barabara na majengo ndiyo hutajwa. Wanawake wakisema, maji, kuni na mashine ya kusaga ndiyo hutangulia.

Namna ya kuchagua la kwanza

Mahitaji yatakuwa mengi. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Njia rahisi ni kulinganisha mahitaji mawili mawili: kati ya maji na zahanati, tuanze na lipi? Kati ya maji na ghala? Lile linaloshinda mara nyingi zaidi ndilo la kwanza. Njia nyingine ni kumpa kila mtu punje tatu za mahindi aziweke kwenye michoro iliyowekwa chini. Hata asiyejua kusoma anapiga kura yake, na mwenye sauti kubwa ana punje tatu kama wengine.

Kisha tuangalie kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Jambo tulilokubaliana Desemba linaweza kupelekwa katika mkutano wa kijiji, likaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hatimaye Halmashauri ya Wilaya. Parokia inayoamua Juni inakuta meza imekwisha kufutwa. Kwa upande wa maji, tangu Sheria ya mwaka 2019 wahusika ni RUWASA pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Tusichimbe wala kutandika bomba bila wao.

Tuliyoyachagua

Baada ya kusikiliza vigango, tumechagua mambo matatu tu.

La kwanza ni kulinda vyanzo vya maji na kingo za mito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tutakaa na wenye mashamba yaliyo karibu, maana wao ndio watakaopoteza mistari ya mahindi. Hatutapanda mche wowote ambao hauna mlinzi anayejulikana kwa jina.

La pili ni kukarabati kabla ya kujenga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bomba linalovuja na paa lililotoboka vitatangulia jengo jipya, hata kama jengo jipya lina picha nzuri zaidi.

La tatu ni hifadhi ya chakula. Mkulima wetu huuza mahindi wakati wa mavuno kwa bei ya chini, kisha hununua hayo hayo kwa bei ya juu miezi ya njaa. Mifuko isiyopitisha hewa, matumizi yake sahihi, na vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kumpa nafasi ya kusubiri.

Kuchagua ni pamoja na kuacha. Mwaka ujao hatutaanzisha ujenzi mpya wowote, na hatutagawa miche kwa kila anayeomba. Tunajua baadhi ya vigango vilitegemea ujenzi huo, na tunaomba uvumilivu wao.

Kwa ndugu wahisani tuna ombi moja: mtuunge mkono pia katika mambo yasiyo na jiwe la msingi, kama vile vipuri, nauli ya kufuatilia kazi, na semina ya kamati ya maji. Nasi tunaahidi kwamba taarifa yetu ijayo itasema ni miti mingapi imepona, si iliyopandwa tu.

Kwa wanakamati, tunaomba majibu ya maswali manne yafike ofisi ya parokia kabla ya kikao cha kwanza cha mwaka. Yaandikwe kwa mkono, hata kwenye karatasi ya daftari.

Mungu awabariki, awape mvua ya kiasi na mavuno mema.