Pikapu huozea chini: Namna ya kuosha gari nyumbani na kulinda mtaji

MKULIMA wa Mbulu au Hanang anapouza ng'ombe na mavuno ya misimu kadhaa ili anunue pikapu iliyotumika, gari hilo mara nyingi huwa mali yake kubwa kuliko zote ukiondoa shamba. Ajabu ni kwamba jembe la kukokotwa na ng'ombe hufutwa udongo kila jioni, lakini pikapu hulala na tope wiki nzima.

Katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Manyara, tope ni sehemu ya kazi. Udongo mwekundu wa milima ya Mbulu na ule mweusi wa tambarare za Basotu, ambako ngano imelimwa kwa miaka mingi, hujishindilia ndani ya madigadi na kutunza unyevu siku kadhaa baada ya mvua kukatika. Kaskazini mwa Mlima Hanang lipo Ziwa Balangida, ambalo likikauka huacha ganda jeupe la chumvi. Gari linalopita kandokando yake hurudi na chumvi hiyo kwenye chesisi.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi hupakiwa na mwenye gari mwenyewe.

Mbolea za viwandani kama CAN na SA ni chumvi. Mfuko mmoja ukipasuka, punje huingia kwenye maungio ya bodi, hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kula bati. Mkojo wa ng'ombe na mbuzi wanaopelekwa mnadani Katesh au Haydom nao hufanya kazi hiyo hiyo, tena upesi, kwa sababu hupenya kwenye matundu ya misumari na kutiririka hadi kwenye chesisi.

Siku ya kuuza gari, dalali mzoefu haangalii rangi kwanza. Huinama. Akikuta chesisi imeliwa na kutu, hukata bei kwa kiwango ambacho hakuna polishi inayoweza kukirudisha. Na kwa asiyeuza, kuchomelea chesisi ni gharama inayokuja pamoja na siku za gari kukaa kwa fundi, mara nyingi katikati ya mavuno wakati nauli ya mizigo iko juu.

Wapo wanaosema kuosha ni kazi ya vijana wa barabarani. Anayewalipa Sh10,000 kila wiki atakuwa ametoa Sh520,000 kwa mwaka, na kwa kawaida watakuwa wameng'arisha juu tu. Kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani kwa ndoo mbili, sponji laini, brashi ya mkono mrefu, vitambaa safi na shampuu ya magari. Kwa maeneo ambayo maji hubebwa na punda wakati wa kiangazi, bomba la mgongoni la lita 16 husaidia sana kwa sababu hutoa maji kidogo kwa msukumo. Lakini liwe jipya na litengwe kwa kazi hiyo. Bomba lililowahi kubeba dawa ya kuua magugu lisielekezwe kwenye bodi itakayopakia mahindi kesho yake.

Gari liwekwe kivulini, injini ikiwa imepoa. Kwenye jua, maji ya sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa na kuacha mabaka.

Anayeanza aanzie chini, kinyume na mazoea. Alowanishe tope la kwenye madigadi na chesisi, aliache lilainike, kisha alisukume kwa brashi na kusuuza. Asisahau vitundu vilivyo chini ya milango. Hivyo ni njia za kutolea maji, na vikizibwa na udongo, mlango huoza kutokea ndani bila mtu kuona. Kijiti laini kinatosha kuvizibua.

Bodi ya mizigo ifagiliwe ikiwa kavu kwanza ili mbolea iliyomwagika isiyeyuke na kusambaa. Baada ya kubeba mifugo au mbolea, isisubiri Jumamosi. Ioshwe siku hiyo hiyo, na turubai likitandikwa kabla ya kupakia, kazi hupungua kwa nusu.

Ndipo zamu ya rangi ifike. Kosa la kawaida ni kufuta vumbi kavu kwa kitambaa. Vumbi ni mchanga mdogo, na kulifuta ni sawa na kupiga rangi msasa. Gari limwagiwe maji kwanza, kisha lioshwe kutoka paa kushuka chini. Ndoo moja iwe ya shampuu na nyingine ya kusuuzia sponji kila inapochafuka. Sponji ya magurudumu isipande juu. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa tope, hakuna ubishi, lakini huondoa pia nta inayolinda rangi, hivyo isifanywe mazoea.

Ile tabia ya kupaka dizeli au mafuta ya taa ili gari ling'ae inafaa kuachwa. Mng'ao hudumu hadi kona ya kwanza, vumbi hunata na raba huharibika. Oili chafu kwenye chesisi huzuia kutu kwa kiasi fulani, hilo ni kweli, ila hulainisha raba za chini na kudondokea ardhini karibu na kisima. Ni bora kupaka rangi ya kuzuia kutu baada ya chesisi kusafishwa na kukauka.

Nta ya magari ipakwe mara moja kila baada ya miezi michache. Maji yakiacha kusimama kama matone na kuanza kutandaa, muda wake umefika.

Kwenye injini, maji ya msukumo yasielekezwe kwenye altaneta, fyuzi wala kichujio cha hewa. Kinachohitaji uangalizi ni rejeta. Mbegu za nyasi na wadudu wakiziba mapezi yake, injini huchemka kwenye milima ya kupanda Mbulu. Ioshwe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje.

Ndani, mazulia yatolewe yaanikwe. Baridi ya Mbulu huchelewesha kukauka, na zulia likirudishwa bichi, sakafu huota kutu chini yake. Usukani na pedeli visipakwe polishi yoyote ya utelezi.

Gari lililofunikwa na tope au maji ni suala jingine kabisa. Wakazi wa Katesh wanakumbuka Desemba 3, 2023, maporomoko kutoka Mlima Hanang yalipoua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba na mali. Gari la namna hiyo lisiwashwe. Waya wa betri utolewe kwanza, kisha fundi akague na kubadilisha oili kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuoshea. Kuingiza gari mtoni ni kosa, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa shughuli zinazoweza kuharibu mazingira. Mahali pazuri ni kwenye nyasi nje ya boma, mbali na kisima na birika la mifugo.