Mtu Mkimya na Mfuko Wake

Mwisho wa mwezi wafanyakazi wawili wa ofisi moja hupokea mshahara ulio sawa. Mmoja hupitia baani pamoja na wenzake, akawanunulia vinywaji. Mwingine huaga mapema, akapanda basi kwenda nyumbani. Huyu wa pili wengine humwita bahili, na wengine humsifu kuwa mwekevu. Je, ndugu msomaji, ni hukumu ipi iliyo sahihi? Yawezekana kabisa kwamba zote mbili zimekosea.

Wataalamu wa saikolojia husema kwamba mtu wa namna hii ana mwelekeo wa ndani. Fikira hiyo ilienezwa na daktari wa Uswisi, Carl Jung, katika kitabu chake cha mwaka 1921. Mtu huyo si lazima awe mwenye haya, wala hawachukii watu. Ila mikusanyiko na makelele humchosha upesi, na nguvu zake humrudia akiwa peke yake au pamoja na wachache aliowazoea. Wengi wetu tumo katikati, si huku wala huko.

Mwaka 2016 Sandra Matz, Joe Gladstone na David Stillwell walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa malipo zaidi ya 76,000, yaliyofanywa na wateja 625 wa benki moja ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Ilidhihirika kwamba watu hutumia zaidi katika mambo yanayolingana na hulka zao, na kwamba wale ambao matumizi yao yalilingana na hulka waliridhika zaidi na maisha. Ulinganifu huo ulikuwa na uzito kuliko hata jumla ya mapato yao. Kisha watafiti waliwapa watu hati za kununulia vitu, ama katika duka la vitabu ama katika baa. Wachangamfu walifurahia baa kuliko wakimya, na wakimya walifurahia vitabu kuliko wachangamfu. Basi mkimya naye hutumia fedha, ila huzitumia mahali pasipo na mashahidi.

Uchunguzi mwingine wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wachangamfu wenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya fedha zao kununua vitu vya fahari kuliko wakimya wa kipato hichohicho. Kadiri mapato yalivyopanda, ndivyo tofauti hiyo ilivyopungua.

Lakini hao ni Waingereza. Kwetu sehemu kubwa ya matumizi haipiti dukani: ipo michango ya harusi, ya misiba na ya jirani aliyelazwa hospitalini. Hapo ukimya haumpunguzii mtu gharama hata kidogo. Nimemwona mkimya akitoa mchango mkubwa kuliko uwezo wake ili asamehewe kuhudhuria vikao. Sokoni nako, kupatana bei ni mazungumzo, na asiyependa mazungumzo hulipa bei ya kwanza aliyotajiwa. (Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, na mkewe hamtumi tena kununua samaki.) Tangu malipo ya simu yaingie Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mkimya amepata njia ya kukwepa foleni na maongezi ya dirishani, hata hivyo mara nyingi hukatwa ada, nayo ni bei ya utulivu ambayo wachache huihesabu.

Atakayependa kujichunguza na aandike katika daftari matumizi yake yote ya mwezi mmoja, na kando ya kila moja atie alama: hili nililitaka, hili nililipa ili nionekane, hili nililipa ili niachwe. Alama ya tatu ndiyo ngumu kuitia kwa ukweli, kwa kuwa mara nyingi hujificha ndani ya neno "ukarimu".