Saa ya Swichi na Saa ya Kiswahili

Swichi ya mtandao wa tarakilishi hupokea saa kutoka kwa seva kupitia NTP, itifaki iliyobuniwa na David Mills na kuanza kutumika katika miaka ya 1980. NTP hutuma saa ya dunia pekee, yaani UTC. Ni lazima fundi aiagize swichi iongeze saa 3 kwa Uganda, Kenya na Tanzania, au saa 2 kwa Rwanda na Burundi. Asipofanya hivyo, hitilafu ya saa tatu asubuhi mjini Kampala itaandikwa 06:00, na msomaji ataidhani ya alfajiri, au hata ya saa sita. Kwa hiyo, mfasiri asibadili tarakimu za swichi. Aziache, kisha afafanue: "09:00, yaani saa tatu asubuhi."